Kuiomba Dhamana

Katika kata ya Rwamgasa, wilayani Geita, ambako watu hukutanishwa na dhahabu kabla hawajakutanishwa na jambo lingine lolote, mtu anayesimama mbele ya mkutano wa wazazi akatamka kwa kinywa chake kwamba anaomba achaguliwe kuwa mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huwa ametenda jambo la ajabu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa anaomba kazi isiyo na ujira mahali ambapo hata kijana anayebeba mifuko ya mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, kwenda kwenye karasha la kusagia haunyanyui mfuko wa kwanza kabla ya kuambiwa fungu lake. Na ajabu huzidi pale ambapo mwombaji amekwisha kuifanya kazi ile ile kwa miaka kadhaa bila ya kutumwa na mtu.

Tumchukue mwanamke wa namna ya wale tunaowaona huku, mama lishe mwenye kibanda karibu na mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, ambaye asubuhi huwapikia wachimbaji na alasiri hupita shuleni: mara kusimamia chungu cha uji, mara kuchota maji ya mafundi, mara kuwafuata nyumbani watoto walioadimika darasani. Hakuna aliyemwajiri, wala hakuna aliyemkataza. Siku akitangaza kwamba anaomba kura, wale wale waliokuwa wakimshukuru huanza kutazamana, na mmoja wao atasema kwa sauti ya chini kwamba sasa yamejulikana. Dhana hiyo sipendi kuilaumu haraka, maana si dhana ya watu wabaya bali ya watu waliofundishwa na kazi yao: huku kila mtu anamjua yule anayewalisha wachimbaji miezi mingi hali duara halijatoa hata punje, na kila mtu anajua kwamba mwamba ukikubali, mgao wake huwa wa kwanza. Kwa nini basi uji wa watoto usiwe gharama ya namna hiyo, na kura hii iwe ngazi ya udiwani, ule mwamba unaongojewa?

Lakini walio makini zaidi wana hoja nzito kuliko hiyo, nayo ni ya dini. Miongoni mwa Waislamu ni maarufu usia alioambiwa Abdurahman bin Samura na Mtume, kwamba asiuombe uongozi, kwa sababu anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na anayepewa pasipo kuomba husaidiwa kuubeba. Na maarufu pia ni habari ya Abu Dhari, sahaba mchamungu asiyetiliwa shaka, aliyetaka kazi ya utawala akajibiwa kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana itakayomletea mtu fedheha na majuto Siku ya Kiyama, isipokuwa aliyeichukua kwa haki yake. Wakristo, walio wengi katika nchi hii ya Geita, wana Paulo aliyemwandikia Timotheo kwamba mwenye kuitamani kazi ya uaskofu anatamani kazi njema. Lakini ukisoma yanayofuata utaona kwamba sifa hiyo imefuatishwa mara na orodha ndefu ya masharti, hata mtu mwenye dhamiri hai akifika mwisho wake hutamani apishe mwingine. Juu ya hayo upo murua wa wazee, ambao hauandikwi popote lakini unatawala vikao vyote: muungwana huitwa, hajiiti.

Ningeukubali murua huo wote kama nisingeona unavyotumiwa. Mwalimu Nyerere, alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari mwaka 1963, aliwaletea wasomaji wa Kiswahili mtu aliyelikataa taji mara tatu mbele ya umati, na kila mara mkono wake ukilisukuma kwa ulegevu zaidi kuliko mara iliyotangulia. Kaizari wa namna hiyo tunao katika kila kijiji. Hukaa nyuma ya mkutano, akitajwa hutikisa kichwa, akitajwa tena hucheka na kusema ana shughuli nyingi, na kumbe usiku wa jana amepita nyumba kadhaa akiwafundisha watu namna ya kumtaja. Huyo hakuomba, kwa hiyo kwa mujibu wa desturi yeye ni muungwana. Mama wa uji aliyesema waziwazi anachokitaka ndiye mwenye tamaa. Insafu haiwezi kuridhika na hukumu ya namna hiyo.

Kisha iko habari ya Yusufu, ambayo dini zote mbili zinayo lakini haziisimulii kwa namna moja. Katika Kurani, Yusufu akiisha kutoka gerezani na kupata imani ya mfalme, anaomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, na anataja sababu mbili, kwamba ni mtunzaji na kwamba anaijua kazi. Katika kitabu cha Mwanzo haombi. Anamweleza Farao maana ya ndoto, anaendelea kumpa shauri la kumtafuta mtu wa akili na hekima, anamfafanulia jinsi ya kukusanya sehemu ya tano ya mavuno katika miaka saba ya shibe, na akimaliza kueleza, kazi hiyo imekuwa haina mtu mwingine wa kuifanya. (Nakiri kwamba njia hii ya pili hunifurahisha kwa ustadi wake, ingawa sioni kwamba ina haya zaidi kuliko ile ya kwanza.) Yaliyo sawa katika habari zote mbili ni kwamba Yusufu hakutaka kiti, alitaka ghala, na ghala ni kitu chenye vipimo, kinachojaa mbele ya macho ya watu na kupungua mbele ya macho yao, ambacho mwenye kukitunza anaweza kuulizwa juu yake mwaka wowote, naye hana mahali pa kujificha. Nadhani hapo ndipo usia wa bin Samura na ombi la Yusufu vinapokutana bila ya kugombana: aliyeonywa ni mtu anayeutaka ukubwa, na aliyekubaliwa ni mtu anayeitaka hesabu.

Na kamati ya shule ni ghala dogo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliitambua, lakini uzito wake hasa ulikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, pale ada ilipokwisha kuondolewa, madarasa yakafurika, na fedha zikaanza kuteremka hadi shuleni ili kamati izipangie matumizi, mwalimu mkuu akiwa katibu wake na wazazi wakiwa na wawakilishi wao ndani. Ruzuku iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na sehemu ya hizo hubaki juu kwa ajili ya vitabu, hivyo kinachofika ni kidogo. Na kidogo ndicho kinachotaka macho makali. Siku hizi majengo mengi hujengwa na mafundi wa hapa hapa, kwa utaratibu ambao kila mtu huuita fosi akaunti, kukiwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayetaka kuijua dhamana ilivyo na akawatazame watu wa mapokezi gari la saruji linapofika magharibi, dereva akiwa na haraka ya kurudi Geita: mmoja anahesabu mifuko kwa sauti, mwingine anapitisha kiganja juu ya ile ya chini kuona kama haijaganda, wa tatu ameshika daftari chini ya mwanga wa simu, na hati ya kupokelea mzigo inangoja sahihi. Idadi ikipungua kwa mifuko mitatu, hapo ndipo itakapojulikana nani alichaguliwa na nani alijitokeza tu. Aliyejitokeza anaweza kusema kwamba yeye alikuja kusaidia. Aliyechaguliwa hawezi kusema hivyo. Sahihi yake ikishakaa pale, ile mifuko mitatu ni yake.

Kwa sababu hiyo naona kwamba wanaodhani mama wa uji anapanda daraja kwa kuomba kura wameigeuza ngazi juu chini. Alipokuwa akijitolea alikuwa juu yetu sote: sisi tulikuwa wenye kupokea, yeye mwenye kutoa, na nani atamwuliza mtoaji kwa nini leo hakuja? Fadhila haina mkaguzi. Anayefadhili huchagua siku, huchagua kiasi, huchagua hata watoto wa kuwapendelea, na akiudhika huacha, nasi hubaki tukimwomba radhi. Akiisha kuchaguliwa, uhuru huo wote unamtoka. Yale yale aliyoyafanya jana kwa hisani leo anayadaiwa, na mzazi asiyewahi kuchangia hata debe moja la mahindi anapata haki ya kumsimamisha njiani na kumwuliza. Mtu anayeiacha ihsani isiyoulizwa akaifuata kazi ile ile ikiwa na maswali hakuongeza ukubwa wake. Ameupunguza, na tena kwa hiari yake.

Hata hivyo si kila mwenye kujitolea hushuka ngazi hiyo salama. Kurani imekataza sadaka kubatilishwa kwa masimbulizi, na sijui mahali ambapo masimbulizi huja kwa urahisi zaidi kuliko katika kuomba kura: nani aliwapikia watoto wenu, nani alileta bati, nani alikuwa hapa wakati wengine wako mashimoni. Kila neno laweza kuwa kweli, na kila neno laifanya sadaka ya zamani kuwa mkopo unaodaiwa kwa riba. Mwenye ikhlasi, nadhani, angezungumza juu ya kesho tu, akataja kitu kimoja au viwili atakavyokubali kuulizwa, akaketi.

Kingine kinachonifanya niitetee haki ya kuomba ni kwamba ziko kazi ambazo wema peke yake hauziwezi. Jina la Rwamgasa lilifika mbali tangu miaka ya 2000, wakati Umoja wa Mataifa, kwa kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, ulipokuja kuchunguza zebaki ambayo wachimbaji wadogo huichanganya na mchanga wa dhahabu na kuichoma motoni, pengine uani, mvuke wake ukiingia mapafuni mwa kila aliye karibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi za hatari, na machimbo ni miongoni mwake. Lakini sheria iko Dodoma, na mtoto wa darasa la tano yuko kwenye rundo la marudio akiosha mchanga uliokwisha oshwa, akitafuta punje ya kununua daftari, au chakula cha nyumbani. Jirani mwema akienda kwa mwenye mwalo kumwambia awarudishe watoto shuleni, ataulizwa kwa adabu au bila adabu: wewe nani? Wema wake hauna jibu la swali hilo. Mjumbe wa kamati analo, na analo kwa sababu wazazi, pengine akiwamo mwenye mwalo mwenyewe, waliinua mikono yao. Na wema wakikataa kuomba, jibu hilo huachiwa mwingine, kama katika mfano wa Yothamu katika kitabu cha Waamuzi, aliyesimama juu ya mlima akawahadithia watu wa Shekemu jinsi miti ilivyotafuta mfalme: mzeituni ukakataa kwa ajili ya mafuta yake, mtini kwa ajili ya utamu wake, mzabibu kwa ajili ya divai yake, na mti wa miiba, usio na cha kupoteza, ukakubali. Watu husoma mfano huo na kuucheka mti wa miiba. Mimi humwuliza mzeituni.

Nataja kwa kupita jambo moja ambalo wagombea wa kamati hawalitambui kuwa ni neema. Anayetaka kuwa mwenyekiti wa kijiji au diwani sharti apitie katika chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki ya mgombea binafsi kwa miaka mingi, akashinda hata mbele ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha mwaka 2013, na sheria ikabaki ilivyo. Mjumbe wa kamati ya shule haulizwi kadi. Anaulizwa kama ana mtoto, na kama watu wanamwamini.

Na akishindwa? Wengi hudhani hapo ndipo nia hupimwa, kwamba mwenye ikhlasi ataamka kesho yake akakoroge uji kama jana. Mimi simtwishi mzigo huo. Alichokuwa akikitoa kilikuwa cha hiari, na mkutano uliomnyima kura haukupata kwa kumnyima hati ya kumiliki mikono yake. Akitaka kupumzika na apumzike, wala asisemwe. Ila yeye ni mzazi bado, na haki aliyokuwa akiona haya kuitumia wakati alipokuwa mfadhili sasa anaweza kuitumia bila ya shaka: mkutano ujao atasimama, atawasalimu wajumbe kwa taadhima, kisha atauliza ni kwa nini karatasi ya mapato na matumizi ya robo iliyopita haijabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yule aliyemshinda akikunja uso, na akumbushwe kwamba hicho ndicho alichokiomba.