Neno "Mungu Atapanga"

Katika vijiji vya Songwa, karibu na Mwadui, na kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, waume Wakristo husema juu ya hesabu ya watoto wao: "Mungu atapanga." Ni neno la imani, wala hatuthubutu kulicheka. Msukuma aliyekulia mahali ambapo watoto wengi na ng'ombe wengi ndiyo heshima ya mji haoni ugeni wowote katika kitabu cha Mwanzo. Mungu aliwaagiza wazazi wetu wa kwanza wazae na kuijaza nchi. Babu yake alimwambia vivyo hivyo.

Lakini yafaa tuisome sura nzima. Siku ya tano Mungu aliwabariki samaki na ndege, nao akawaambia wazae na kuongezeka. Binadamu aliongezewa jambo ambalo samaki hakupewa: kuitiisha nchi na kuitawala, yaani kutumia akili. Basi baba anayezaa tu, asifikiri zaidi, ametimiza ile sehemu ya amri aliyopewa pamoja na sato wa Ziwa Viktoria.

Je, kufikiri huko ni kumnyang'anya Mungu enzi yake? Mkulima wa pamba ajua kuwa mvua ni ya Mungu, hata hivyo hapandi mbegu mwambani akaita jambo hilo tumaini. Na Bwana wetu, aliposhawishiwa ajitupe chini toka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika wangemdaka, alikataa kumjaribu Mungu.

Kanisa nalo halikunyamaza. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba mume na mke wenyewe, mbele ya Mungu, ndio wenye kuamua, wakiangalia afya yao, watoto waliokwisha kuzaliwa na watakaozaliwa, na hali ya nyakati. Tarehe 25 Julai 1968 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake Humanae Vitae, alikataza njia zisizo za asili, ambazo ndugu zetu Waanglikana walikuwa wamezikubali kwa masharti katika mkutano wa Lambeth mwaka 1930. Lakini katika barua hiyo hiyo alikubali kwamba wenye ndoa, wakiwa na sababu nzito, wapishanishe uzazi kwa kuzifuata siku ambazo mama hashiki mimba. Wako wanaolikumbuka katazo, wakaisahau ruhusa.

Nasi hatutaki serikali iingie chumbani mwa wenye ndoa, ama kwa kuwapunguza ama kwa kuwahimiza. Septemba 2018, huko Meatu, Rais John Magufuli alisema kuwa wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wa kulisha watoto. Wengine, kinyume chake, huona katika kila mtoto mdomo wa kulishwa tu. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu kama milioni 1.7 mwaka 2012, na karibu milioni 3 mwaka 2022. Hesabu hiyo ni neno la kufikiriwa na wajenzi wa shule na zahanati. Haimwambii mama mmoja azae mara ngapi.

Tuseme sasa lililo gumu. Njia ya asili yahitaji watu wawili. Mume amekaa machimboni miezi miwili, naye arudi nyumbani kwa siku tatu. Mkewe, aliyejifungua mwaka juzi na mwaka jana, na ambaye mganga wa zahanati amemwonya, ajua kwa dalili za mwili wake kuwa siku hizo ndizo zisizofaa. Amwambia mumewe. Naye ajibu, "Mungu atapanga." Saa ile si Mungu aliyepanga. Mume amepanga, kisha ametia sahihi ya Mungu chini yake. Na gharama yote, pengine uhai wenyewe, imeandikwa kwa mama.

Wala asiseme kuwa ndivyo walivyoishi wazee. Makabila mengi ya nchi yetu yalikuwa na mwiko wa kumbemenda mtoto, na mwanamume alijizuia mpaka mtoto aachishwe ziwa. Wazee hao walitamani watoto wengi kuliko sisi.

Kwa hiyo twawaomba mapadre na makatekista wa sehemu za machimbo: mafundisho haya yasitolewe kwa akina mama peke yao, siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati waume wako shimoni. Wafundishwe wote wawili pamoja, hata ikibidi kungoja Jumapili ambayo wachimbaji wamerudi. Na mume aketi mbele.