Mkono wa Amana na Mkono wa Dhamana

Shangazi yangu aliporejea kutoka Hija, ndege yao ilitua Entebbe alfajiri, naye akasimama mbele ya ule mkanda unaozungusha mizigo hata wenzake wote wakawa wamekwisha kujichukulia masanduku na madumu yao ya Zamzam, likabaki sanduku moja la kijivu, lisilo lake, likipita mbele yetu mara ya kumi na mara ya ishirini pasipo mtu wa kulinyoshea mkono. Lake lilikuwa la buluu, na kwenye mshikio wake alikuwa amefunga kipande cha kanga nyekundu, kwani wanawake wa kwetu hawaamini karatasi ya kubandikwa peke yake. Ndani yake mlikuwa na tende, misala miwili, na tasbihi za kuwagawia majirani wa Old Kampala. Na chini ya vyote hivyo mlikuwa na sanda yake, aliyoinunua Makka kwa mkono wake, akaifua kwa maji ya Zamzam, akaianika, akaikunja.

Karani, binti mpole aliyekuwa amekesha, alituletea karatasi ngumu yenye picha za masanduku ya kila namna, akamwomba shangazi aelekeze kidole kwenye lile lililofanana na lake, kisha aseme rangi yake na alama yake. Hayo yalikwenda vizuri. "Bambi, Hajati," akasema alipofika chini ya fomu, "sasa tuandike thamani." Shangazi akanyamaza kitambo, kisha akanigeukia mimi. "Andika nguo nyeupe, mwanangu. Bei usiandike." Lakini ile fomu haikukubali nafasi tupu, nami, kwa haya na kwa kutaka tuondoke pale, nikaandika shilingi 60,000. Tarakimu hiyo imenikera tangu siku ile, na ndiyo iliyonikalisha kitako kuandika maneno haya.

Mafakihi wa kale, ambao hawakupata kuiona ndege ila waliwaona wenye ngamia, wenye majahazi, washonaji na wafua nguo, waliigawa mikono ya watu juu ya mali za wenzao mafungu mawili: mkono wa amana, ambao mwenye mkono halipi kitu kikipotea maadamu hakuzembea wala hakuvuka mpaka aliowekewa, na mkono wa dhamana, ambao hulipa hata kama hakukusudia. Aliyekuhifadhia kitu bure, huyo hana mzozo, mkono wake ni wa amana. Walipohitilafiana ni juu ya mtu wa ujira anayemtumikia kila ajaye mlangoni pake. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali alikuwa akiwatoza mafundi, kwa hoja ya kwamba watu hawatatengenea ila kwa hivyo. Imamu Abu Hanifa aliona mtu huyo halipi ila kilichoharibika kwa kazi ya mkono wake. Wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, wakamwacha mwalimu wao hapo, wakasema alipe, isipokuwa kwa msiba usioepukika. Ama Imamu Shafii, ambaye ndiye tumfuataye sisi, iko riwaya ya mwanafunzi wake Rabi inayonipendeza kuliko kurasa nyingi za sheria: ya kwamba Imamu alikuwa akiona mtu wa ujira hana dhamana, walakini hakupenda kuitangaza rai hiyo, kwa kuchelea mafundi waovu. Alijua hukumu, na alijua watu. Akaona afadhali elimu yake ikae kifuani kuliko iwe silaha mikononi mwa asiyestahili.

Wenye ndege wamekwisha kuchaguliwa fungu lao. Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929 uliipima mizigo ya abiria kwa mizani, faranga 250 za dhahabu kwa kila kilo, iwe kilo ya matambara au kilo ya hariri. Na ule wa Montreal wa mwaka 1999 ukaiacha mizani, ukaweka kikomo kwa kila abiria, ambacho tangu mwisho wa mwaka 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mkataba huo wa pili unasema vilevile kwamba mzigo usipofika hata zikapita siku 21, abiria ana haki ya kuudai kama uliopotea. Tena upo mlango wa pembeni: msafiri aweza kutamka thamani ya mzigo wake anapoukabidhi, akalipa ziada ikihitajika, na kikomo kikapanda. Lakini ni nani atakayesimama pale Jedda, na safu ya mahujaji waliochoka nyuma yake, aitamke thamani ya sanda?

Siulaumu mkataba. Naona ni hukumu ile ile ya Sayyidna Ali iliyovikwa joho jipya, kwani amana yataka kujuana, na kijana anayepakia masanduku usiku wa manane hamjui shangazi yangu wala hatamjua. Lau tungemtegemea aone haya tu, tungerudi makwetu mikono mitupu. Ninachokitilia shaka ni kule kudhani kwamba dhamana ikisha kuingia, amana imekwisha kutoka. Anayelipa huona amemaliza, na anayelipwa naye hujiona hana tena la kusema, ilhali kitu kilichowekwa mkononi mwa mtu kilikuwa na mwenyewe kabla hakijawa na bei.

Katika nchi hii jambo hili ni la zamani kuliko uwanja wa ndege. Tangu mfanyabiashara wa Kiarabu Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Suuna wa Buganda mwaka 1844, na miaka mingi baadaye, kila kitu kilichotoka pwani kikaja huku kilikuja kichwani au begani mwa mtu, na mzigo wa pagazi ulikuwa aghalabu frasila mbili, yaani ratili 70 au kasoro kidogo. Mwenye kupenda hesabu na azigeuze ratili hizo kuwa kilo, ataona zinakaribia sana 32, ambazo ndizo kilo ambazo mashirika mengi ya ndege hayakubali sanduku moja lizipite, kwa kuhofia migongo ya wapakiaji. Vyombo vimebadilika, mgongo ni ule ule.

Na mizigo ilipotea. Mwezi wa Oktoba 1871 David Livingstone alifika Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa amekonda, akitumaini kukuta bidhaa alizopelekewa kutoka Unguja. Hakukuta hata yadi moja ya nguo katika yadi 3,000, wala ushanga katika ratili 700 za ushanga. Sherifu, mtu aliyekabidhiwa, alikuwa ameziuza zote, na udhuru wake ulikuwa kwamba ameipigia fali Kurani, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa. Wizi twaujua, lakini huyu alikishika Kitabu kinachoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, akakitumia kumwua mwenyewe. Ama kitu kilichopotea kikaokotwa, hukumu yake yamtaka aliyekiokota akijue kifuko na kamba iliyokifunga, kisha atangaze mwaka mzima. Na Mtume alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea alighadhibika, akaamrisha aachwe, kwa kuwa ana miguu yake na maji yake, hata mwenyewe amkute. Kifuko na kamba: sanduku la buluu na kanga nyekundu. Karani wetu alikuwa akiifuata sunna hiyo pasipo kujua, ila muda wake ulikuwa mfupi zaidi.

Zikapita siku 21, tukaletewa barua ya kututaka radhi na kutueleza namna ya kudai. Shangazi hakutaka kuisikia. Alishuka mwenyewe hadi duka moja la nguo karibu na Kikuubo, akanunua bafta, akaniambia kwamba aliyemwita Makka atampokea hata kwa bafta ya Kampala.

Siku ya 26 tulipigiwa simu. Nilikwenda Entebbe kwa takisi, nikatia sahihi, nikarudi na sanduku magotini. Kufuli lilikuwa limevunjwa, tende zimeingia mdudu, na kanga nyekundu ingali pale pale kwenye mshikio. Shangazi alitoa vitu kimoja kimoja hata akaifikia sanda, akaiweka mapajani, akaitazama muda mrefu, kwa sababu haikuwa imekunjwa kama alivyoikunja yeye; kuna mkono, katika kiwanja nisichokijua, ulioifungua na kuitandua yote kutafuta kinachotafutwa. Nikamwuliza kama imechafuliwa. Akapitisha vidole kwenye pindo, akavihesabu vipande vitano, kila kimoja kimewekwa juu ya mwenzake kwa mpangilio wake wa kuvishwa.

"Aliyeikunja anaijua," akasema, akaifunika.