Kiti cha Marehemu Baba

Liko swali ambalo watu hulipita kama jambo dogo, nalo ni hili: Kitu kikongwe kikiisha kutengenezwa, je, ni kile kile, au ni kingine? Nami nisingalishika kalamu kwa ajili yake kama lisingaliwafarakanisha ndugu wawili hapa kwetu Mkumbi.

Marehemu baba yao aliacha kiti cha mikono cha mti wa mninga, kilichoundwa mwaka 1958 kwa mtindo wa siku zile: miguu myembamba iliyotanuka kidogo, egemeo lililolala nyuma, na mikono laini isiyo na nakshi. Baada ya matanga kiti kikatiwa ghalani. Bungua wakala miguu miwili, mkono mmoja ukavunjika, kuku wakataga juu yake. Miaka ikapita. Ndipo yule mdogo akakichukua kwa seremala, akalipa madebe mawili ya maharagwe. Seremala akatia miguu miwili na mkono mmoja, akachonga ndimi mpya zikaingia katika matundu ya zamani, akapiga msasa. Kiti kikasimama tena, kikang'aa. Mara kaka mkubwa akasema, "Kiti cha baba ni cha mzaliwa wa kwanza." Mdogo akajibu, "Kiti cha baba kilikufa ghalani. Hiki ni changu." Wakanijia: "Mwalimu, utuamue."

Basi tufikiri polepole. Je, kwa sababu ya mbao mpya kiti kimekuwa kingine? Tazameni mashamba yetu ya ngoro. Twafyeka majani, twayapanga miraba mitelemkoni, twachimba udongo wa katikati na kuyafunika. Na mashimo ya safari hii hayakai pale pale pa mashimo ya kwanza. Walakini hakuna asemaye kwamba shamba la babu limekwisha. Tena huko New York, katika Umoja wa Mataifa, uko ukumbi wa Baraza la Udhamini, ambao Finn Juhl, mtu wa Denmark, aliupanga pamoja na viti vyake, ukafunguliwa mwaka 1952. Humo, Machi 1955, Julius Nyerere, mwalimu wa shule kama sisi, aliisemea Tanganyika. Baraza lilisimamisha kazi yake mwaka 1994, na ukumbi ulitengenezwa upya ukafunguliwa tena mwaka 2013. Je, tutasema kwamba Nyerere alisema mahali pengine? Hasha.

Kwa hiyo yule mdogo amekosea. Kama alitaka kiti tu, kwa nini hakuagiza kipya? Alikitengeneza kwa kuwa ni cha baba. Hawezi kukitengeneza kwa sababu hiyo, kisha akaikana sababu ile ile ili akimiliki peke yake.

Walakini kaka mkubwa naye hajashinda. Ikiwa leo ni kiti cha baba, basi kilikuwa cha baba hata siku zile kuku walipokitagia. Mbona hakuwafukuza? Mzaliwa wa kwanza hapewi heshima pasipo kazi. Alikiona kinaliwa akanyamaza. Kilipong'aa akakumbuka uzaliwa wake. Mtu wa namna hii hakitaki kiti cha baba, ataka mng'ao alioulipia mwingine.

Nami nikawaambia hivi: Kiti ni kile kile, nacho ni chenu nyote wawili, na kaka mkubwa amrudishie mdogo wake debe moja la maharagwe, ndipo aseme habari za urithi. Wakanyamaza. Nikauliza tena, "Tangu kilipotengenezwa, nani amekikalia?" Yule mdogo akasema kwamba kimefunikwa kitambaa chumbani mwake, kisichafuke. Nikauliza, "Na mama yenu, huketi wapi?" Wakatazama chini. Mama yao, mjane mwenye magoti mabovu, huketi mkekani, na kuinuka kwake ni kwa kushikwa mkono.

Kumbe wote wawili walibishana juu ya mti wa baba, na mke wa baba wamemsahau. Kiti kiliundwa kikaliwe. Kama hakimpumzishi mtu, miguu yake mipya haijakifaa kitu. Hakika bado kimo ghalani.

Jumamosi ile wakakibeba, mmoja huku na mmoja huku, wakakiweka barazani pa mama. Debe la maharagwe bado halijalipwa. Nawe msomaji, katika nyumba yako mna kitu gani ulichokitengeneza ukakifunika, na nani angali anaketi chini?