Sauti Ipi Imwitayo Kijana?



Kijana mmoja wa usharika wetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, alinijia wakati wa likizo akasema, "Mchungaji, nataka kuacha masomo. Rafiki zangu wana wafuasi maelfu katika mitandao, nao hulipwa kwa kuonekana tu. Amtazamaye mwalimu ni nani?" Sikuwa na jibu jepesi, na tangu siku ile nimelitafakari neno lake.

Tusianze kwa kuilaumu simu. Kwa simu hiyo hiyo mwanafunzi hupata vitabu ambavyo maktaba ya chuo chake haina, na wenzake humpelekea maelezo ya somo alilolikosa kwa ugonjwa. Wala tusidhani ya kuwa akeshaye nayo ni mvivu tu. Zamani ukurasa ulikuwa na mwisho, na msomaji alipoufikia aliamua mwenyewe kuendelea au kulala. Mwaka 2006 Aza Raskin, fundi wa Marekani, alibuni ukurasa usio na mwisho. Baadaye yeye mwenyewe alijuta mbele ya watu. Wenye mitandao hupata fedha kwa matangazo ya biashara. Basi kadiri kijana akaavyo akitazama, ndivyo faida yao izidivyo. Usiku wake umekuwa shamba la watu wengine.

Lakini hasara ya usingizi na ya mitihani si kubwa kuliko zote. Kubwa ni hii: macho yaliyozoea kuhesabu watazamaji huanza kuupima hata wito kwa hesabu hiyo. Kijana humwona Mark Zuckerberg, aliyeanzisha Facebook mwaka 2004 akiwa mwanafunzi wa Harvard, kisha akaacha chuo akatajirika. Hawaoni walioacha chuo wasipate kitu, maana hao hawaonyeshwi.

Martin Luther alifundisha mwaka 1520 ya kuwa mshona viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja ana kazi yake ya kuwafaa wenzake, wala si wadogo kuliko kasisi mbele za Mungu. Basi swali la kazi si, "Ni wangapi watakaonitazama?" bali, "Ni nani atakayefaidiwa?" Mtoto aliyefundishwa kusoma huenda akamsahau mwalimu wake, hata hivyo anasoma. Naye afundishaye kilimo bora kwa njia ya simu, akawafaa wengi, asidharauliwe. Kipimo ni kile kile.

Mkumbukeni Samweli. Aliitwa usiku, akamkimbilia mara tatu mtu asiyemwita. Eli hakumkemea, alimfundisha jinsi ya kusikiliza. Nasi wazee, ambao macho yetu yamefifia kama ya Eli, twaiona upesi simu mkononi mwa kijana, ila hatumwulizi ni sauti gani aisikiayo. Tena je, si sisi tuliomcheka mwalimu wa kijiji na kumsifu mwenye gari, hali mtoto akitusikia, kabla hajashika simu yo yote?

Nilimwambia kijana yule arudi chuoni, kila usiku aiweke simu mbali na kitanda chake, na likizo ijayo tuzungumze tena. Amekwenda. Yeye ana njia yake ya kuchagua; mimi yanipasa kuwapo nyumbani atakapobisha hodi.