Mshahara Huu Unatosha Watu Wangapi?

Swali hili hutufikia kila mwaka, hasa shule zinapokaribia kufungwa na watu wanapoanza kufikiria kuhama. Jamaa yuko Minnesota, amechoka na theluji na pango la huko. Mwingine yuko Nairobi au Dar es Salaam, viza imetoka, mke na watoto wawili wanafunga mizigo. Ameahidiwa kazi ya dola 15 kwa saa, ya maboksi kwenye maghala ya Fort Worth au ya kutunza wazee huko Houston. Anauliza: jamani, kwa mshahara huo familia itaishi? Nasi, kwa kuwa hatupendi kumvunja mtu moyo, humjibu kwa mkato: njoo tu, Texas maisha nafuu. Jibu hilo si la uongo. Lakini limejibu nusu ya swali, na nusu iliyobaki ndiyo inayotutesa sisi tuliokwisha kufika.

Tuanze na nusu nyepesi, ile ya hesabu. Dola 15 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 52 bila kuugua wala kupumzika, ni dola 31,200 kwa mwaka. Mwaka 2024 mstari wa umaskini wa serikali ya Marekani kwa nyumba ya watu wanne ulikuwa dola hizo hizo 31,200, bila kupungua wala kuzidi. Kima cha chini cha mshahara hapa Texas ni kile cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, na hakijasogea tangu Julai 2009. Kwa mwaka mzima kinaleta dola 15,080, wakati mstari wa umaskini wa mtu mmoja peke yake mwaka huo wa 2024 ulikuwa dola 15,060. Zinabaki dola ishirini za kujistarehesha.

Ni kweli jimbo letu halina kodi ya mapato; mwaka 2019 wapiga kura walikubali katiba ya jimbo iipige marufuku kabisa. Jimbo linakula kwingine. Unga na mchele havitozwi, lakini viatu vya mtoto, sabuni na sufuria, ukinunua Dallas au Houston, vinaongezewa asilimia 8.25, na kodi ya majengo anayotozwa mwenye nyumba huja kuilipa mpangaji ndani ya pango. Serikali kuu nayo hukata asilimia 7.65 kwa ajili ya pensheni na matibabu ya uzeeni. Huyo wa dola 31,200 anabaki na kama dola 2,400 kwa mwezi. Tukiweka pango la dola 1,300, ambalo siku hizi ni la kubahatisha, zimebaki 1,100. Halafu gari. Dallas ina treni za DART tangu 1996, lakini maghala yamejengwa mbali na reli, na Arlington, mji wenye watu karibu 400,000 katikati ya Dallas na Fort Worth, hauna mabasi ya njia za kawaida. Kwa hiyo gari hapa si anasa, ni ada ya kuingilia kazini, na bima yake ni lazima kisheria. Julai na Agosti joto linapita nyuzi 38 na bili ya umeme inapanda nalo. Matibabu tuyapite haraka: Texas imekataa kupanua Medicaid kwa watu wazima wa kipato cha chini, hivyo mara nyingi watoto hupata bima ya serikali na baba na mama wakabaki na maombi.

Wapo walioanza na pungufu ya hapo. Ndugu zetu wa Kongo ya mashariki, ambao wengi walipitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Texas, walipokewa kwa msaada usiozidi siku 90, kisha jitegemee. Baada ya miezi michache ikafuata barua ya nauli, maana tiketi ya ndege ya mkimbizi ilikuwa mkopo wa shirika la IOM, usio na riba lakini unaodaiwa hadi senti ya mwisho. Ukipita Vickery Meadow hapa Dallas, au mitaa ya kusini-magharibi ya Houston, utawasikia wakisalimiana kwa Kiswahili kwenye maegesho, mmoja akitoka zamu ya usiku na mwenziwe akiingia ya asubuhi. Wanaishi. Watoto wanasoma, na mwanzoni mwa mwaka rejesho la kodi la wazazi wanaofanya kazi huja kuziba matundu ya mwaka uliopita. Basi jibu la hesabu ni ndiyo, kwa kujibana, na mwenza akipata kazi nyumba inapumua kidogo.

Lakini hesabu yote hiyo imejengwa juu ya neno ambalo hatukuliuliza maana. Familia. Neno lenyewe tumelikopa kwa Wazungu. Tulikuwa na ukoo, tulikuwa na jamaa, na kule pwani aila, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloishia kwenye kizingiti cha nyumba ya kupanga. Mstari wa umaskini tulioutaja ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mollie Orshansky wa Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii. Alichukua gharama ya chakula cha bei ya chini kabisa kinachoweza kumlisha mtu, akaizidisha mara tatu, kwa kuwa uchunguzi wa mwaka 1955 ulionyesha kwamba familia za Marekani zilitumia kama theluthi ya kipato chao kwa chakula. Alihesabu vinywa vilivyo ndani ya nyumba. Ada ya mdogo wako aliye kidato cha tatu Bukoba haimo, na hatumlaumu mama wa watu.

Fomu ya kodi, ile 1040, ni kali zaidi. Mtegemezi asiye raia wala mkazi wa Marekani hahesabiwi, isipokuwa awe anaishi Kanada au Meksiko. Mwenzetu wa kazini anayemtunza mama yake Monterrey anaweza kumwandika, akitimiza masharti mengine. Sisi tunaomtunza mama Tanga hatuwezi, hata kama chakula chake, dawa zake na bati lililo juu yake vyote vimetoka kwenye zamu zetu za usiku. Mbele ya sheria pesa hizo ni hiari yetu, kama mtu anayenunua samaki wa mapambo. Na sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kodi ya asilimia 1 kuanzia mwaka 2026 kwa pesa zinazotumwa nje zikilipiwa kwa fedha taslimu.

Kwa hiyo mtu anapouliza kama mshahara unatosha familia, hana budi kusema kwanza nani wamo. Hilo halikuanzia Texas. Aristotle, katika sehemu ya kwanza ya kitabu cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, anaeleza kwamba maisha yanayojitosheleza si ya mtu peke yake. Wamo wazazi, watoto, mke, marafiki na wenzake wa mji. Mara akaona hatari: ukiendelea hadi kwa mababu na wajukuu na marafiki wa marafiki, hakuna mwisho, lazima mpaka uwekwe. Uwekwe wapi? Hapo mzee anasema atalichunguza wakati mwingine. Mtu anayedaiwa pango tarehe mosi hana nafasi hiyo, maana katika Texas notisi ya kukutaka utoke nyumbani huweza kuwa ya siku tatu tu.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, alielekea upande wa pili. Kwake jamaa ndiyo chimbuko, na duara hilo lipanuke hadi kabila, taifa, bara na hatimaye wanadamu wote. Tunaliheshimu wazo hilo na tumelelewa nalo. Lakini tuitazame vizuri ile jamaa aliyoifikiria. Ilikuwa na shamba, na mgeni wa siku ya tatu alipewa jembe. Zaidi ya hayo, ghala la nafaka lilikuwa uani, watu wote wakiliona. Aliyeomba debe la mahindi mwezi wa pili alijua kilichobaki humo, na aliyemnyima alinyima mbele ya macho yake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mwaka huu ni mbaya.

Ghala letu la Dallas halionekani. Kinachoonekana kule nyumbani ni picha: gari (la mkopo wa miaka sita), mtoto mwenye puto, sisi tumesimama mbele ya nyumba ambayo si yetu. Binamu anayepiga simu saa tisa usiku kuomba mtaji wa bodaboda si mwenye tamaa. Amepiga hesabu sahihi kwa takwimu tulizompa. Nasi hatumwambii ukweli. Tunasema "nitaangalia mwisho wa mwezi", tunazima simu, au tunatuma kisha tunachelewesha bili ya umeme. Kuna nyumba ambazo mume hajui mke anatuma kiasi gani kwao, na mke hajui ya mume, na watoto hawajui kwa nini baba halali nyumbani Jumamosi.

Tunadai kwamba hapa ndipo penye kosa la kimaadili, kuliko katika kutuma au kutotuma. Wako wanaokata mpaka mlangoni: watoto wangu, mke wangu, basi. Hao wamesahau ng'ombe aliyeuzwa ili nauli ipatikane, shangazi anayemlea mtoto aliyebaki, na kaka anayelinda kiwanja kisiuzwe mara mbili. Wanasahau pia kwamba mtu akifia Houston, kumsafirisha mwili hadi nyumbani ni maelfu ya dola, na zinazomsafirisha ni za michango. Kwa mtu asiye na bima, jamaa ndiyo bima, na bima hulipiwa kabla ya ajali. Wako pia wasiokata mpaka popote. Hao huongeza kazi ya pili, halafu ya mwisho wa wiki, mume na mke wakabadilishana funguo za gari kwenye maegesho, na mtoto wa miaka kumi akawa ndiye mlezi wa mdogo wake. Hao wanasifiwa sana nyumbani. Sisi tunasema wamewatoa watoto wao nje ya duara ili wengine wabaki ndani, na watoto hao hawakuulizwa.

Mpaka lazima uwepo. Lakini mpaka uliowekwa kwa siri si wa haki, kwa sababu anayeachwa nje hajui ameachwa kwa sababu gani, wala hawezi kujitetea. Mwenye kuomba ana haki ya kuliona ghala.

Tutaambiwa: mkiwaonyesha mshahara, hawatawaamini. Ni kweli kwa sehemu. Dola 15 kwa saa, kwa shilingi ya Kenya ya takriban 129 kwa dola, ni kama shilingi 1,900 kwa saa moja, na kuna watu wazima kule wasiozipata kwa siku tatu. Kutaja mshahara bila pango ni uongo mwingine, wa kujisifu. Ukifungua ghala, lifungue lote: pango, bima, umeme, deni la gari, kilichobaki. Tutaambiwa pia kwamba uwazi huu ni ujanja wa wachoyo. Huenda, kwa baadhi. Lakini ghala likiwa wazi uchoyo nao utaonekana, maana yule aliyebakiza dola 600 na kutuma 20 atakuwa amejianika mwenyewe.

Na uwazi haufuti tofauti ya mahitaji. Mwaka 2023 mgao wa chakula wa WFP katika kambi za Tanzania ulipunguzwa; kwa familia iliyoko Fort Worth yenye dada Nyarugusu, dola 50 za mwezi huo zilikuwa chakula. Haziwezi kupangwa foleni moja na mchango wa sare za harusi. Kenya peke yake ilipokea karibu dola bilioni 4.9 kutoka kwa watu wake walio nje mwaka 2024, Marekani ikiongoza, na katika mabilioni hayo dawa ya kisukari na sare za harusi zimepita dirisha moja.

Baadhi ya nyumba tunazozijua zimeanza kufanya hivi: zimetaja kiasi kimoja kwa mwezi, zimekituma kwa mzee mmoja wa ukoo pamoja na picha za bili zote, na kumwachia yeye na wenzake waamue nani kwanza. Simu za saa tisa usiku zimepungua. Ila lawama zilizokuwa zikivuka bahari sasa zinaishia kwa mzee huyo, na mmoja wao ametuma ujumbe kwamba anaomba apumzishwe, apewe mwingine kazi hiyo, ikiwezekana mwanamke, kwani yeye hata msikitini watu wameanza kumkaa mbali.