Neno la Mjomba kwa Wapwa Walioko Chuoni

Wapwa wangu, juzi mmoja wenu alikuja hapa kijijini Kitaya kunisalimu, na mfukoni alikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Ilikuwa mwaliko. Chuo chake kimeandaa warsha ya siku mbili juu ya familia na malezi, kwa wanafunzi na wafanyakazi pamoja. Nikamwuliza, utakwenda? Akacheka. "Mjomba, hayo ni mambo ya watu wenye ndoa zao. Mimi nikafanye nini?" Nikanyamaza nikaendelea kupepeta mpunga, maana dada yangu alikuwa ameshaniambia kwamba bwana huyu ana mtoto wa miezi saba mjini Mtwara, na mama wa mtoto ni mwanafunzi mwenzake. Simtaji. Nina dada watano na wote wana watoto vyuoni, kwa hiyo msipoteze muda kukisia.

Kile kicheko ndicho kilichonikalisha kitako kuandika.

Wengi wenu mnanijua kama mzee wa mikorosho na majaruba ya bondeni Ruvuma. Kabla ya hapo nilikuwa mlezi wa bweni katika chuo kimoja, miaka kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa funguo, balbu na magodoro, lakini mtu ukishika funguo za watu mia tatu unashika na mengine. Nilijifunza kusikia tofauti ya kilio cha mtu aliyepata sapu, mtihani wa kurudia, na kilio cha mtu aliyepigiwa simu kutoka nyumbani. Cha kwanza huisha usiku uleule. Cha pili unakuta mtu hatoki chumbani siku tatu, na ukimgongea anajibu kwa sauti nzima kabisa: "Niko poa."

Enzi zetu umbali ulimkinga mwanafunzi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa ya kuagana kama mtu anayekwenda Hija. Gari lilinasa kwenye tope, abiria wakashuka kusukuma, wakalala njiani. Ukifiwa na bibi yako ukiwa chuoni, barua ilikufikia arobaini imeshasomwa. Uliumia, ukaswali, ukarudi darasani, kwa kuwa hakuna jingine ulilokuwa na uwezo wa kulifanya. Sisemi yalikuwa maisha mazuri. Ila shida ya nyumbani ilikufikia ikiwa imepoa. Ninyi inawafikia ikitokota, katikati ya mtihani, pamoja na namba ya kutumia pesa. Mhadhiri yuko ubaoni, mdogo wako anaandika kwamba mama amelazwa hospitali ya Ligula, shangazi anauliza mchango wa msiba umefikia wapi, na baba mdogo anataka kujua kwa nini tangu juzi hupokei simu. Nyumba nzima imehamia mfukoni mwako. Halafu mtu anasema hana familia ya kupeleka kwenye warsha!

Nitawapa mfano wa hapahapa kijijini. Oktoba 2020 tulivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, mnajua. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, tukatawanyika na watoto mgongoni. Kulikuwa na kijana wa jirani yangu aliyekuwa akisubiri chuo kifunguliwe. Kilipofunguliwa akaenda na begi moja, nguo za kuazima, na hakumwambia mtu. Si mshauri wa wanafunzi, si mwenzake wa chumbani, si mwalimu wake. Alikuwa akikaa nyuma ya darasa karibu na mlango, hasikii kinachosemwa. Mwisho wa mwaka alidisko. Barua ya kumwondoa iliandika sababu moja tu, kwamba alama hazikutosha. Mtu aliyeisaini barua ile hakuwa mkatili. Hakujua Kitaya iko wapi, na aliyejua hakusema. Baba yake aliniuliza kama tungeweza kumwandikia mkuu wa chuo. Tukaandika, lakini muda wa rufaa ulikuwa umepita.

Na kumbe chuo kina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa ugonjwa, uzazi au msiba mzito. Unaandika barua, unaambatanisha ushahidi, barua ya mtendaji wa kijiji au karatasi ya hospitali, inapitishwa, na mwaka unaofuata unaendelea ulipoishia. Anayetoweka bila barua anahesabiwa mtoro. Nimeona wasichana wenye akili kuliko wahadhiri wao wakitoweka hivyo kwa sababu ya mimba, wakiona aibu kuandika ukurasa mmoja. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wanaodhani methali hiyo inahusu kitanda tu hawajawahi kufanya kazi bwenini.

Sasa pesa. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya 2004 imewafikisha chuo watoto wengi wa wakulima wa korosho ambao zamani wangeishia darasa la saba. Naishukuru. Lakini bumu, yaani ile pesa ya kujikimu, lina ugonjwa wake. Siku hizi fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na haiji kila siku asubuhi kama maziwa. Inakuja kwa mkupuo. Ukiona laki sita imeingia, ile ni ugali wa siku sitini, pamoja na pango. Nyumbani wanaiona laki sita. Dada yako anataka mtaji wa kukaanga samaki, mama anataka bati nane, na wewe unaona haya kusema kwamba pesa hiyo ni ya kula. Unatuma laki nne. Wiki ya tatu unakunywa uji wa chumvi na kumwambia rafiki yako umefunga.

Na deni linabaki kuwa lako. Ukiajiriwa, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka liishe. Zile bati nane utakuwa bado unazilipia zikiwa zimeshika kutu. Mimi siwakatazi kusaidia nyumbani. Aliyewakataza hakulelewa na mama yenu. Nawaambia mkae na wazazi kabla chuo hakijafunguliwa, mwezi wa korosho, pesa ya mnada ikiwa mezani, mseme waziwazi: hii ndiyo yangu, hii ndiyo yenu, na nikiishiwa nitampigia fulani. Kikao cha saa moja mkekani. Na msiitegemee korosho kama mshahara. Wakubwa wenu wanakumbuka Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kuzibeba. Redioni bei ilikuwa nzuri sana. Malipo ya wengi yalivuka mwaka, na ada za watoto wao zilikuwa za mwaka uleule.

Nije kwenye geto. Hapa najua mtaanza kuangaliana. Mvulana na msichana wanapanga chumba kimoja mwaka wa kwanza ili kubana matumizi. Mwaka wa pili wana jiko la gesi, kabati na pazia la maua. Majirani wanamwita binti "mama fulani" na kijana "shemeji". Hakuna mahari, hakuna shehe wala padri, na nyumbani hakuna anayejua. Basi sikilizeni: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kama mke na mume, watadhaniwa kuwa wamefunga ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shahada nyingi ni miaka mitatu. Fanyeni hesabu. Hata dhana hiyo ikipanguliwa mahakamani, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Wengine mna wake na waume kisheria, na mnaniambia warsha ya ndoa haiwahusu.

Kuhusu wafanyakazi nasema machache, ingawa wao ndio walionishangaza zaidi. Tulidhani mwanafunzi ndiye mwenye shida, na mwalimu ni mtu aliyekamilika. Kumbe mhadhiri amehamishiwa Mtwara, mke yuko Mwanza na watoto wako kwa bibi Bukoba. Mpishi amekopa kausha damu kumlipia mwanawe ada kwenye chuo anachopika yeye mwenyewe. Mlinzi ana kesi ya matunzo. Wengine hawajui hata haki zao. Sheria ya kazi ya 2004 inampa mama siku 84 za uzazi zenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na baba angalau siku 3. Nimewahi kumwona mtunza stoo amerudi kazini siku ya pili mkewe akiwa bado wodini, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba siku tatu ni zake. Wapwa mlioajiriwa vyuoni, warsha ni yenu pia, na mkiingia msikae viti vya mbele kama wageni rasmi.

Nisiwadanganye kwamba warsha zote ni nzuri. Nimehudhuria nyingi. Mwezeshaji anabandika bango kitita, anachora baba, mama na watoto wawili ndani ya nyumba yenye paa la pembetatu, anauliza changamoto ni zipi. Watu wanajibu "mawasiliano". Chai inaletwa na sambusa. Mchana posho inasainiwa, picha ya pamoja, mwisho. Nyumba ile ya pembetatu sijawahi kuiona huku. Kwa wengi wetu Wamakonde na Wamakua, mtoto amehesabiwa ukoo wa mama, na penye jambo zito anaitwa mjomba. Fomu ya chuo ina nafasi ya baba na nafasi ya mlezi. Ya mjomba haina. Basi mkitaka warsha iwafae, mwambieni mwezeshaji afute kile kipembetatu achore nyumba yenu ilivyo, na bibi anayelea wajukuu sita, na mjomba, na ndugu walioko Msumbiji.

Sisi warsha yetu ilikuwa jando, na ya dada zetu unyago. Sitaki mnidhanie nasifu kila cha kale. Walikuwapo wasichana waliopelekwa wadogo mno, wakafundishwa mambo ya kitandani kabla ya kujua kusoma, na kilichofuata tulikiona. Hilo lilikuwa kosa na hata leo ni kosa. Lakini kumbi lilikuwa na jambo moja ambalo warsha za hotelini hazina. Mwali alipewa somo, mtu mzima wa kumwongoza. Ngoma ikiisha, watu wakirudi kwao, somo alibaki wako. Ukigombana na mkeo miaka kumi baadaye ulimwendea yeye kwanza, usiku, bila barua. Hakuwa baba yako, kwa hiyo hukumwogopa. Hakuwa rafiki yako, kwa hiyo hakukupaka mafuta. Alikuwa na haki ya kukuuliza.

Ndiyo maana nawaambia nendeni, hata kama mwezeshaji ni mchovu na sambusa zimepoa. Msiende kusikiliza mada tu. Nendeni kumtafuta mtu. Katika chumba kile kutakuwa na mshauri wa wanafunzi, pengine ofisa ustawi wa jamii, pengine muuguzi wa zahanati ya chuo, pengine mama wa jikoni aliyelea watoto saba. Mtazameni nani anasikiliza mwenzake anaposema. Chukueni namba yake kabla hamjawa na shida, mkamsalimie siku moja bila sababu. Shida ikija mtakuwa na pa kuanzia, na hamtaanza kwa kujieleza ninyi ni nani.

Na msiende na maneno ya jumla. "Changamoto za kifamilia" haina dawa. Sema: mama anataka bati na mimi nina njaa. Sema: tumepanga chumba kimoja na ana mimba ya miezi minne. Sema: kwetu kumechomwa. Ukilitaja hivyo, hata mtu asiye na elimu kubwa anaweza kukuambia mlango wa kugonga. Yale yaliyotokea Oktoba ile yangeweza kuandikwa kwa mistari mitatu, na mistari hiyo mitatu ingemwokoa yule kijana. Sasa hivi anapakia magunia mnadani. Namwona kila msimu, ananiamkia vizuri, na sijawahi kujua la kumjibu zaidi ya marahaba.

Sasa wewe uliyecheka. Warsha ni Alhamisi na Ijumaa. Nenda na mama wa mtoto, mkae pamoja, msijifanye hamjuani. Nimeshaongea na dada yangu. Atapanda gari Jumatano aje awaangalizie mtoto siku hizo mbili, na hatakuuliza kitu mpaka utakapoanza mwenyewe. Likizo ikifika njooni huku wote watatu. Mpunga utakuwa umeshavunwa.