Uzi Umekatikia Wapi?

Somo: Wagalatia 6:1-5



Wengi wenu mnajua habari za gitaa la kwaya yetu. Uzi wake mwembamba kuliko zote ulikatika mara nne. Kila mara tulichanga tukanunua mwingine, na kila mara tulimlaumu kijana wetu mpigaji kwamba ana mkono mzito. Mwishowe aliliweka gitaa chini, akaacha kuja mazoezini.

Ndipo mzee mmoja, baharia wa zamani wa Kismayo, akaomba kuziona nyuzi zilizokatika. Hakuuliza nani amezikata. Aliuliza zimekatikia wapi. Zote nne zilikatikia mahali pamoja, pale uzi unapopita juu ya kipande cha chuma. Akakipapasa kwa ukucha, akakuta kina ukingo mkali. Alikisugua kwa msasa, basi. Uzi wa tano ungali mzima.

Alituambia kwamba katika mashua za Wabajuni, za Koyama na Chula, jarari ikikatika nahodha hutazama kwanza kapi. Kapi likiwa na ukali, hata kamba mpya italiwa palepale. Mafundi wa piano nao hufanya vivyo hivyo. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, na mvuto wake wote kwa pamoja hupita tani 15. Uzi ukikatikia kwenye kigingi, fundi hushuku kutu, au chuma kilichochoka kwa kukunjwa. Ukikatikia karibu na nyundo, hutazama kama sufi ya nyundo imekuwa ngumu, au kama chuma kinachoukandamiza uzi kimekwaruzika.

Wapendwa, ni wangapi tumewahukumu kama tulivyomhukumu kijana yule? Yuko baba anayelewa kila siku ya mgao. Yuko mama anayefoka kila asikiapo gari kubwa usiku. Tunasema, "Huyo ndivyo alivyo." Lakini baadhi yetu tuliikimbia pwani ile mwaka 1991, tukaacha wapendwa bila kuwazika. Mtu akikatikia palepale kila mara, huenda pana kitu kinachomkata.

Paulo hafichi kosa. Anasema kila mtu ana furushi lake. Hata hivyo anaagiza aliyekosa arejeshwe kwa upole. Neno la Kigiriki alilotumia ndilo lililo katika Mathayo 4:21, pale Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Mvuvi hautupi wavu kwa tundu moja. Huutandaza magotini, akalitafuta tundu kwa vidole, akashona.

Kwako kijana wetu: tulikulaumu mbele ya watu, na mbele ya watu tunakuomba msamaha. Gitaa linakungoja.

Nasi tuliobaki, wiki hii kila nyumba imtembelee mmoja aliyekatika. Tusiende na maneno mengi. Tumuulize panapomuuma, kisha tusikilize.

Bwana atupe macho ya upole. Amina.